Yah: Kadi Mbili za Grafiki Zinazokataa Nira Moja

Theodory Senyagwa,
Mkufunzi wa Wanyamakazi (Mstaafu),
Mtaa wa Mabwerebwere,
KILOSA.

6 Desemba 2006

Kumb. Na. TS/NG'OMBE/KOMP/1

Meneja,
Duka la Kompyuta la Upeo wa Macho,
MOROGORO.

Ndugu Meneja,

YAH: MALALAMIKO KUHUSU KADI MBILI ZA GRAFIKI ZINAZOKATAA NIRA MOJA

Kichwa cha habari hapo juu kinajieleza, lakini kwa kuwa duka lako limenifundisha kwamba vitu vinavyojieleza ndivyo visivyoeleweka, naomba nikifafanue.

Kabla ya yote nakusalimu. Sijui umri wako, kwa hiyo shikamoo nimeiweka humu ndani kama akiba. Kama wewe ni mkubwa kwangu, ichukue. Kama ni mdogo, nirudishie pamoja na majibu ya barua hii, nami marahaba yako ninayo tayari.

Mimi ni mzee wa miaka sitini na sita. Kwa miaka ishirini na saba nilikuwa mkufunzi wa wanyamakazi katika kituo kimoja cha mafunzo wilayani hapa, kazi yangu ikiwa kuwafundisha ng'ombe kulima na kuwafundisha watu kulima na ng'ombe, na nikwambie ukweli, ng'ombe walikuwa wepesi zaidi. Soko huria lilipoingia, kituo kikauzwa pamoja na zizi lake. Sasa hivi ni gesti. Chumba nilichohifadhia nira wanalaza wageni, na nasikia hakuna anayelala vizuri humo. Lakini nenda Magole, nenda Dumila, uliza wanaolima kwa plau: ama ng'ombe wao walipita mikononi mwangu, ama walipita wao wenyewe. Sielezi haya kwa kujigamba. Nataka ujue tu kwamba kumweleza Theodory Senyagwa habari za vitu viwili kuvuta kazi moja ni kumwonyesha mwenye nyumba choo kilipo.

Sasa tuje kwenye shauri lenyewe. Mwezi wa nane mwanangu wa mwisho, Debora, alikuja nyumbani kutoka Mikumi. Huko amepanga chumba kando ya barabara kuu, anatengeneza video za harusi, kipaimara na misiba. Anapiga picha, anakata, anaunga, anaweka muziki, watu wanalia upya. Wikiendi hurudi Kilosa tukasali pamoja. Siku hiyo aliniamkia, akakaa kwenye kigoda, akaniambia kuna studio Dar es Salaam imemwita kazini kuanzia Januari, na kwamba anaomba ruhusa yangu. Nami nikamuuliza swali ambalo mzazi yeyote mwenye akili angeuliza: huko wana mashine gani? Akasema mashine yao ina kadi mbili za grafiki. Nikamwambia kama ni hivyo, hilo ni jambo dogo, litamalizwa hapahapa wilayani. Nilimwona anafungua mdomo, lakini mimi nilikuwa nimeshasimama kwenda zizini.

Kadi ya grafiki, kama Debora alivyonielewesha baadaye, ndiyo inayochora kila picha unayoiona kwenye kioo cha kompyuta. Zikiwa mbili zinagawana kuchora, na kazi inakwenda haraka. Nilielewa mara moja. Nikamuuza maksai wangu aitwaye Ruksa kwa rafiki yangu Sapit, mfugaji wa Kimaasai ambaye kila masika tunagombana kuhusu mahindi yangu na kila kiangazi tunakunywa chai pamoja, nikapanda basi hadi dukani kwako. Yaliyofuata nayaorodhesha kwa namba, ili usije ukajibu moja ukasema umejibu yote.

1. Kwamba mhudumu wako hakunionya.

Kijana wako anaitwa Lupakisyo. Jina nilisoma kifuani pake, si kwamba alijitambulisha. Nilimwambia nataka kompyuta yenye madabodi ya kubeba kadi mbili za grafiki. Akanitolea madabodi, ambayo ni ule ubao mpana ndani ya kasha unaochomekwa vifaa vingine vyote, akaniwekea na kadi mbili mpya zinazofanana kama mapacha. Mimi moja nikairudisha. Nikamwambia anitafutie ya zamani, iliyokwisha kufanya kazi, hata kama ina vumbi.

Sababu yake mtu yeyote wa Magole angekutajia. Ng'ombe mgeni hafungwi nira na mgeni mwenzake. Ukifunga wawili wasiojua, utalima barabara ya watu, utalima makaburi, utamaliza kwa kulima ukumbi wa kijiji. Mgeni hufungwa na mzoefu, akashikishwa njia, na baada ya msimu mmoja huwezi kuwatofautisha. Huyo Ruksa niliyemuuza alifundishwa hivyo na maksai mzee niliyemwita Azimio kwa sababu alikuwa hapendi kubadilishiwa njia. Walivuta pamoja miaka minne, Azimio akitaka kwenda moja kwa moja na Ruksa akitaka kwenda penye majani, na shamba likalimika hivyo hivyo, ingawa mistari ilikuwa na maelezo yake.

Sasa utaniuliza, je, Lupakisyo hakusema neno? Alisema. Alianza kusema, "Lakini mzee, hizi ni lazima..." Hapo nilimkata, kwa sababu tangu niingie dukani alikuwa hajaniamkia. Nikamuuliza kwao wanaanzaje mazungumzo na watu wazima. Akasema shikamoo. Nikasema marahaba, nikamuuliza kwao ni wapi, akasema Tukuyu, nikamuuliza habari za Tukuyu, wazazi, mvua, migomba, na mdogo wake, ambaye kumbe alikuwa mgonjwa. Tulipomaliza, ile sentensi yake ilikuwa imeshapotea na wateja wanne walikuwa wanakohoa nyuma yangu. Akaingia stoo, akaniletea kadi ya zamani.

Ndugu Meneja, onyo linalotolewa kabla ya shikamoo si onyo, ni kelele. Duka lenye utaratibu lingemfundisha kijana kuamkia mteja anapokanyaga mlango, ili muda wa kuonya ubaki. Nilikuja kulipata onyo lenyewe wiki moja baadaye kwa simu, Debora alipouliza kwa nini kompyuta inaziona kadi zote mbili lakini hazifanyi kazi pamoja. Akajibiwa kwamba lazima ziwe za aina moja na kizazi kimoja, na kwamba zinaunganishwa juu kwa kidaraja kidogo kinachoingia kiganjani. Kidaraja hicho ndiyo nira yenyewe, hata kama mmekipa jina lingine. Nilikijaribu kwa mkono wangu. Kwenye kadi mpya kinaingia. Kadi ya zamani haina hata meno ya kukipokea. Nira inayokubali mapacha tu! Kwa masharti hayo nchi hii ingelima na nani?

2. Kwamba madabodi iliuzwa ikiwa na mashamba pori.

Nilipofungua kasha chumbani kwa Debora huko Mikumi nilihesabu sloti, yaani ile mifereji ya kuchomekea kadi. Ndefu ni mbili, ambazo ndizo za kadi za grafiki. Fupi ni tatu, nyeupe, na zote hazina mtu. Nilimuuliza Debora zinafanya nini, akasema hazifanyi kitu, ni nafasi za upanuzi, siku ukitaka kuongeza kifaa unachomeka hapo. Siku gani? Hajui.

Sisi wa Kilosa hatuwezi kudanganywa kwa neno hilo. Tumezungukwa na mashamba ya mkonge ambayo wenyewe wamekwenda, pori limepita kimo cha mtu, na kila ukiuliza unaambiwa yamehifadhiwa kwa upanuzi. Wakati huohuo mtu mzima mwenye watoto anakodi robo eka. Mimi binafsi niliwahi kupokonywa kiwanja kwa kuchelewa kujenga, ingawa nilikuwa nimeshamwaga mchanga. Sasa iweje sloti tatu zikae bure ndani ya mashine niliyoinunua kwa maksai mzima? Nilipendekeza tuhamishie kadi ya zamani kwenye sloti fupi ili ianze maisha kidogo kidogo. Debora akaishika kadi, akaiweka juu ya sloti, akanionyesha kwamba haiingii hata nusu. Nikatambua kwamba hata humo ndani kuna watu wa viwanja virefu na watu wa viwanja vifupi, na hawahamishiani.

3. Kwamba mnagawa njia bila kuangalia anayefanya kazi.

Lalamiko hili ni la siasa, naomba ulisome umekaa. Debora aliniambia kwamba sloti ndefu ya kwanza ina njia kumi na sita za kupitishia kazi. Ukichomeka kadi ya pili, madabodi inazigawa: nane kwa nane. Niliposikia hivyo niliipenda. Nikasema aliyeitengeneza ana wazazi.

Lakini tazama kinachotokea. Kadi ya zamani haichori hata mstari. Imekaa tu. Na madabodi inaendelea kuitengea njia zake nane kwa sababu ipo. Kadi mpya, inayochora peke yake tangu asubuhi, imebaki na nane na inalaumiwa kwa uzembe. Ndugu Meneja, mimi nimeishi katika utaratibu wa namna hiyo, tena nikiwa balozi wa nyumba kumi. Tulitangaziwa kwenye mkutano wa hadhara kwamba umekwisha, tukapiga makofi, wengine wakiwa hawajui wanapigia nini. Kumbe haukwisha, ulihamia ndani ya kompyuta. Nataka kujua ni nani aliyeuruhusu na kama ana kibali.

4. Lishe.

Pawa saplai, lile boksi la bati linalolisha umeme kifaa kimoja kimoja, ilikuwa ya kutosha kadi moja. Nayo kadi isiyofanya kazi inakula vilevile. Ikifika saa tano, jua likiwa kali na mabati ya Mikumi yakianza kulia, mashine inazimika yenyewe kama mtu aliyeambiwa habari mbaya. Lupakisyo alipoulizwa alisema tungenunua kubwa zaidi. Mbona hakusema? Nimeshaeleza kwa nini hakusema, lakini hata bila kusema angeweza kuonyesha kwa kidole. Hakuna anayefunga ng'ombe wawili halafu akaleta majani ya mmoja.

Hapa naomba nikiri jambo. Sapit alipitia Mikumi akitoka mnadani, akanikuta nimekaa mbele ya kasha lililofunguliwa. Aliinama, akasikiliza, akagusa. Akaniambia, "Rafiki yangu, huyu wa juu anahema, huyu wa chini amelala. Umemfunga mzima na mgonjwa. Mgonjwa hatapona, mzima atakonda." Nikamwambia mambo ya kompyuta hayajui. Akasema kweli hayajui, akaenda zake. Tangu siku hiyo tunasalimiana kwa kichwa tu, na gharama ya urafiki huo naihesabu kuwa ni ya duka lako.

5. Lalamiko la tano lilihusu kelele za feni. Nimelifuta. Feni ndiyo pekee iliyofanya kazi kama ilivyoelezwa.

6. Kwamba nimefundisha kadi yenu bila msaada wowote kutoka kwenu.

Tangu mwezi wa kumi, kila Jumamosi napanda basi la Kilosa kwenda Mikumi. Barabara hiyo unaijua au umeisikia. Ukifika unakuwa umefika vipande vipande. Nakaa kwenye stuli kando ya kasha, naifundisha kadi ya zamani kwa utaratibu uleule uliofundisha nusu ya ng'ombe wa wilaya hii. Mnyama mgeni hapewi plau siku ya kwanza, anavutishwa gogo. Kwa hiyo Jumamosi ya kwanza nilimwamuru Debora afungue picha moja tu ya pasipoti, tuiangalie nusu saa, aifunge. Ya pili, picha sita za komunyo. Ya tatu, kipaimara cha dakika kumi, bila muziki ili tusiitishe. Nilikuwa naiongelesha kwa sauti ya chini. Kiboko sikutumia, na napenda hilo liandikwe.

Debora hakubisha hata mara moja. Ananiambia, "Sawa baba," kwa sauti ileile ya marehemu mama yake, sauti ambayo miaka thelathini na nane sikuwahi kujua kama maana yake ni sawa kweli. Saa sita anakwenda kununua chipsi mayai barabarani, tunakula kwenye sahani moja. Ananisimulia harusi za watu: bwana harusi aliyesahau jina la bibi harusi mbele ya padre, mshenga aliyelala usingizi. Nimecheka mpaka nikasahau kuangalia kadi. Huo ni uzembe wangu na sikulaumu wewe.

Jumamosi ya nne tukapanda daraja, tukafungua harusi nzima. Kwa bahati mbaya mama wa bwana harusi alikuwa amekuja kuona kazi imefikia wapi. Video ikaenda vizuri hadi kwenye keki. Hapo bibi harusi akaganda, mdomo wazi, kipande cha keki kikiwa vidole viwili kutoka mdomoni. Akakaa hivyo dakika arobaini. Yule mama alimtazama mkwe wake muda wote huo, kisha akaniuliza mimi, kama mtu mzima mwenzake, iwapo hiyo ni dalili. Nikainama kuiangalia feni. Nimewahi kuzungukwa na vijana wa mafunzo wakati plau imenasa kwenye kisiki, sikuona aibu kama ile. Debora alimsindikiza hadi kituoni akimbembeleza, akarudi, akaniambia, "Sawa baba, tutajaribu tena Jumamosi ijayo."

7. Lalamiko la saba ndilo lililonifanya nitafute karatasi.

Krismasi hiyo inakuja, na baada ya Krismasi ni Januari. Kadi zako zisipovuta pamoja, mtoto anaondoka. Mimi nina watoto watano, Ndugu Meneja. Wanne wako hukohuko Dar es Salaam. Waliondoka mmoja mmoja, kila mmoja na sababu nzuri, na kila mmoja nilimbebea mzigo hadi stendi kwa kichwa changu nikisema ni mmoja tu, wengine wapo. Mama yao alitutoka mwaka juzi. Nyumba ina vyumba vinne, na mimi natumia kiti kimoja. Jumapili Debora akiwepo nasikia sufuria zinagongana jikoni, nasema hapa kuna watu. Asipokuwepo nasikia saa ya ukutani. Naogopa. Nakwambia wazi kwa kuwa hunijui na hatutaonana kilabuni.

Kwa kuwa wewe ndiye uliyeniuzia dawa ambayo haikuponya, naomba yafuatayo, na sioni kama ni makubwa.

Lupakisyo aletwe Kilosa msimu mmoja wa kilimo, ashike plau nyuma ya maksai wawili wasiolingana kimo. Atalala kwangu na kula kwangu, chumba kipo, na akirudi kwako hatamuuzia tena mtu vitu viwili kabla ya kumwamkia. Wazazi wake nitawaandikia mwenyewe.

Mtengenezaji wa kadi hizo, popote alipo ng'ambo, umwandikie kwamba wakulima wa Kilosa wamekaa wakaona kasoro katika nira yake. Atengeneze nira inayokubali mkubwa na mdogo. Akitaka kielelezo ninacho cha mti wa mninga, nitamtumia kikipata nafasi kwenye ndege.

Kuanzia sasa madabodi yenye sloti mbili ndefu isiuzwe kwa mzazi yeyote bila kupewa ushauri nasaha. Aingizwe chumbani peke yake, aulizwe kwa upole anainunua kwa nini, aambiwe anaweza kurudi kesho akiwa na uhakika. Kama hiyo haiwezekani, basi sloti ya pili izibwe kwa lakiri, na ifunguliwe tu kwa barua ya Afisa Mtendaji wa Kata.

Na la mwisho, ambalo hata ukiyakataa mengine yote nakuomba usilikatae: uandike barua rasmi yenye mhuri wa duka, ikieleza kwamba baada ya uchunguzi wa kitaalamu imeonekana kompyuta iliyoko Mikumi ni bora kuliko zote za Dar es Salaam, na kwamba mtu mwenye mashine kama hiyo hana sababu ya kwenda popote. Usiogope kwamba si kweli. Mimi nimenunua viatu vyenye mhuri wa ubora vikaachia soli kabla sijafika stendi, na mhuri bado unang'aa. Barua hiyo nitamsomea Debora mwenyewe. Ninachohitaji ni mhuri tu, maneno ninaweza kukusaidia.

Nimeandika haya kwa kalamu ya bluu na moyo usio na kinyongo, isipokuwa pale kwenye lalamiko la tatu. Nisalimie wafanyakazi wote wa duka, nisalimie mlinzi aliyenibebea kasha hadi kwenye basi akakataa soda, nisalimie na mama wa chai wa pale nje ambaye andazi lake lilikuwa zima. Lupakisyo mpe salamu zake ingawa nimemshitaki. Mwambie namuulizia yule mdogo wake, na migomba. Familia yako naiombea heri ya Noeli. Hapa kwetu sote tu wazima, sote nikiwa mimi.

Ni mimi niliyeuza ng'ombe,

Theodory Senyagwa

Nakala:
Bwana Mifugo wa Wilaya (kwa ushauri wa kitaalamu)
Diwani (kwa taarifa)
Katekista wa kigango (kwa sala)
Sapit (asomewe na mtu mwingine, si mimi)

Nyongeza, 8 Desemba:

Barua hii nilimpa Debora, ambaye wiki hii amekuja mapema, aipeleke posta. Bahasha nilikuwa sijaibandika. Amerudi nayo, macho mekundu, akakaa kwenye kigoda, na kwa mara ya kwanza tangu azaliwe akaniambia nimsikilize hadi mwisho.

Anasema kadi ya zamani aliichomoa siku mbili baada ya ile harusi kuganda. Njia zote kumi na sita zimerudi kwa kadi mpya, mashine haizimiki, inakwenda kama maji. Harusi ilikwisha siku nyingi, na mama mkwe ameshamwona bibi harusi akimeza keki. Kila Ijumaa jioni huirudisha kadi ya zamani kwenye sloti yake, ili nikija Jumamosi nimkute mwanafunzi wangu darasani. Nilimuuliza kwa nini anajisumbua hivyo. Akasema, "Si ulikuwa unakuja, baba."

Anasema pia kwamba kwa kazi yake ya kukata na kuunga video, kadi ya pili haiongezi kitu. Hizo mbili za Dar es Salaam ni za mwenye studio, huchezea gemu za magari kazi ikiisha. Alijaribu kunieleza mwezi wa nane, nikawa nimeshafika zizini. Na kwamba siku ile hakuniomba kompyuta. Aliniomba ruhusa, na mpaka leo hajajibiwa.

Nimemjibu. Nilisema, "Sawa, mwanangu," na nimeona kwamba maana yake inaweza kuwa sawa kweli hata kama sauti haitoki vizuri.

Kwa hiyo malalamiko yote uyafute, ukiacha la shikamoo. Barua ya mhuri usiandike. Badala yake naomba boksi gumu la kusafirishia kompyuta, lenye sponji ndani, maana mashine anakwenda nayo, na basi lake ni Jumatano ya tarehe tatu Januari. Debora anasema boksi la kawaida linatosha, atazungushia kanga zake. Mimi nasema utafute kubwa, jipya, lisilo na tundu. Usilitume kwa mtu. Nitakuja kulichukua mwenyewe siku yoyote ya wiki isipokuwa Jumamosi, kwa sababu Jumamosi zote zilizobaki niko Mikumi.